Kutoka Caravan hadi ATR: mafunzo ya rubani mpya katika shirika la ndege za safari fupi

Marubani wengi wa kwetu wanapoajiriwa na shirika linalorusha ndege za abiria kati ya miji ya Afrika Mashariki wanakuwa na leseni ya biashara, saa mia kadhaa walizozipata kwenye Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, wakipeleka watalii Seronera au abiria Mafia na Pemba, na uhakika kwamba kurusha ndege wanajua. Uhakika huo ni wa haki. Kinachowasumbua wanapofika darasani ni kwamba Caravan mara nyingi waliirusha peke yao: akili moja, mikono miwili, hakuna wa kumweleza unachotaka kufanya. Kwenye ATR, ndege ya abiria yenye injini mbili za pangaboi, mko wawili, na karibu kila kitu utakachofundishwa kwa miezi kadhaa ni namna ya kuwa wawili. Unasema kwanza, mwenzako anakubali, ndipo mkono unagusa.

Nafuata hapa hatua za mafunzo ya ATR 72. Anayekwenda kwenye Dash 8, ndege nyingine ya aina hiyo, atakuta mpangilio uleule na vitufe tofauti.

Kabla ya kuripoti

Weka makaratasi sawa mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Kama ulisomea Afrika Kusini, Marekani au pale Soroti, Uganda, leseni yako itapaswa kubadilishwa au kuthibitishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi utakakofanyia kazi: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya. Barua za kuthibitisha leseni kati ya mamlaka mbili huenda polepole, na darasa halitakusubiri. Cheti cha afya daraja la kwanza, kwa rubani aliye chini ya miaka 40, hudumu miezi 12. Angalia kisiishe ukiwa katikati ya simuleta, ile mashine inayoiga ndege kwa ajili ya mafunzo. Cheti cha Kiingereza cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, nacho kina tarehe yake. Kiwango cha 4 ndicho cha chini kinachokubalika na hurudiwa kila baada ya miaka 3, cha 5 kila baada ya miaka 6.

Pasipoti iwe na uhai wa kutosha, kwa sababu simuleta haiko mlangoni kwako. Watengenezaji wa ATR wana kituo cha mafunzo Toulouse, Ufaransa, zinakounganishwa ndege zenyewe. Kwa upande wa Dash 8, Ethiopian Airlines wana simuleta ya Q400, toleo mojawapo la Dash 8, kwenye chuo chao cha Addis Ababa. Kwa hiyo viza, chanjo ya homa ya manjano na fedha kidogo ya mfukoni ni sehemu ya maandalizi.

Halafu kuna bondi. Mafunzo ya aina moja ya ndege hugharimu maelfu ya dola, na shirika likikulipia litataka usaini kwamba utalitumikia kwa muda fulani, au ukiondoka ulipe. Sioni ubaya wa bondi yenyewe. Ubaya ni kuisaini usiku wa kuamkia darasa bila kuisoma. Uliza: deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au linabaki zima hadi siku ya mwisho? Nikishindwa mtihani wa simuleta, nadaiwa? Shirika likipunguza wafanyakazi, nadaiwa? Muda unahesabiwa kuanzia lini, siku ya kusaini au siku ya kuachiwa kuruka na abiria? Mpelekee wakili asome. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na deni hilo.

Wiki za darasa la shirika

Hapa utajifunza vitabu vya kampuni, sheria za saa za kazi na mapumziko, bidhaa hatarishi, ulinzi, na jinsi wafanyakazi wa ndege wanavyoshirikiana kuanzia kokpiti, yaani chumba cha marubani, hadi kwa wahudumu wa abiria. Kuna siku ya moto na moshi, na siku ya bwawa, mnapovaa majaketi ya kuokolea na kupanda boya mkiwa na nguo zenu. Ndege zetu zinapita juu ya bahari kwenda Zanzibar na juu ya Ziwa Victoria kwenda Bukoba na Entebbe, kwa hiyo bwawa hilo lichukulie kwa uzito. Kama huwezi kuogelea, tafuta mwalimu sasa hivi.

Jambo dogo linalowapata wageni: ratiba ya zamu huandikwa kwa saa ya dunia, ile marubani wanayoiita Zulu. Ukiona 0300 ujue kwa Dar es Salaam na Nairobi ni saa 12 asubuhi. Kwa miezi ya mwanzo andika kando ya kila zamu saa ya Kiswahili ya kuamka, na uiweke kwenye simu siku hiyohiyo ratiba inapotoka.

Kuijua ndege

Sasa inaanza ndege yenyewe. Utapewa masomo kwenye kompyuta au tableti, mwalimu wa darasani, na vitabu vya kurasa nyingi kupita kiasi. Usijaribu kuvisoma kama riwaya, ukurasa hadi ukurasa. Chukua karatasi tupu, chora mfumo mmoja kwa mkono: umeme, kisha mafuta, kisha haidroliki, kisha hewa ya kabini na ya kuyeyusha barafu. Funga kitabu, chora tena. Halafu mweleze mwenzako wa darasa, naye akuulize, "Jenereta hii ikifa, nini kinabaki?" Ukikwama, hapo ndipo pa kusoma usiku huo.

ATR ina mambo yake ambayo Caravan haikukuandaa nayo. Haina injini ndogo ya mkiani ya kutoa umeme ikiwa imeegeshwa. Badala yake injini ya kulia inawashwa huku pangaboi lake limefungwa breki, injini inanguruma lakini pangaboi limesimama, na umeme na hewa vinapatikana wakati abiria wanapanda kwa mlango wa nyuma kushoto. Mtindo huo unaitwa hoteli. Kuna pia mfumo unaolinda ndege injini ikifa wakati wa kuruka: pangaboi la injini iliyokufa linalaza visu vyake lenyewe ili lisivute ndege nyuma, na injini iliyobaki inaongezewa nguvu bila rubani kugusa kitu. Uuelewe mfumo huo vizuri sana. Ukifika simuleta utagundua kwamba sehemu kubwa ya utulivu wako inatokana na kujua ndege imekwisha kufanya nini kabla yako.

Kuna vitu viwili vya kukariri neno kwa neno: mipaka ya ndege, yaani kasi, uzito, joto na shinikizo ambavyo havivukwi, na zile hatua za dharura za kichwani ambazo hakuna muda wa kufungua kitabu. Vyote viwili uvijue kabla ya kupanda ndege kwenda kwenye simuleta. Saa ya simuleta ni ghali mno kuitumia kujifunza jambo ambalo ungelikariri kwenye daladala.

Nunua au chapisha bango la kokpiti lenye ukubwa halisi, ulibandike ukutani, uweke kiti mbele yake. Kaa na mwenzako kushoto na kulia, mfanye mtiririko wote kuanzia kuwasha hadi kuzima, mkitaja maneno yale ya Kiingereza ya kampuni jinsi yalivyoandikwa. Watu wa nyumbani watashangaa mwanzoni. Mkono wako ujifunze kila kitufe kiko wapi, na mdomo ujifunze kutangulia.

Nasisitiza kutangulia kwa sababu ya Pokhara. Tarehe 15 Januari 2023, ATR 72 ya Yeti Airlines ilikuwa inakaribia kutua Pokhara, Nepal. Katikati ya kokpiti ya ATR nyenzo zimepangana: za nguvu ya injini, kando yake zile zinazosimamia pangaboi, na jirani yake kulia wenzo wa flapu, zile sehemu za bawa zinazoteremshwa ndege iweze kuruka polepole. Iliombwa flapu. Mkono ukaenda kwenye nyenzo za pangaboi zote mbili na kuzivuta hadi mapangaboi yakalala. Injini zilikuwa nzima, lakini ndege haikuwa tena na msukumo. Walifariki watu wote 72. Waliokuwa mbele hawakuwa wanafunzi: mmoja alikuwa kapteni akizoeshwa uwanja mpya na mwingine kapteni mkufunzi. Kwa hiyo mwalimu akikurudisha kwa mara ya kumi kwa sababu uligusa wenzo kabla ya kuutazama na kuutaja, usimwone msumbufu.

Simuleta

Kipindi cha kawaida ni saa nne ndani ya mashine. Unarusha saa mbili, unamsaidia mwenzako saa mbili, na kabla yake kuna saa moja au zaidi ya maelezo, baada yake tena maelezo. Simuleta hufanya kazi usiku na mchana ili zilipe, kwa hiyo usishangae kupangiwa kuanza saa nane usiku. Lala mchana, kula chepesi, usishindane na usingizi kwa kahawa peke yake.

Vipindi vya mwanzo ni vya ndege isiyo na hitilafu: kuwasha, kuruka, kuzunguka, kutua. Hapo kasi ya kazi ndiyo inayobana. Caravan inakaribia uwanja kwa utaratibu; ATR inakufikisha mapema kuliko ulivyozoea, na kama hukupanga kushuka ukiwa mbali utajikuta juu sana na mbio sana. Kuanzia hapo matatizo yanaongezwa: jenereta, haidroliki, moshi, presha ya kabini, hadi injini.

Injini kufa baada ya V1, ile kasi ambayo ukishaipita huwezi tena kusimama kwenye njia ya kurukia, ndilo zoezi utakalolirudia kuliko mengine yote. Ndege inajipinda kuelekea upande wa injini iliyokufa. Mguu unazuia, pua inabaki kwenye mstari, unanyanyua taratibu kuliko kawaida, ndege inapanda, mwenzako anataja kwamba tunapanda, unaagiza magurudumu yakunjwe. Baada ya hapo, kaa. Taratibu nyingi zinakataza kuanza hatua za injini chini ya futi 400, na shirika lako linaweza kuweka kimo cha juu zaidi. Muda huo unauona mrefu mno mara ya kwanza, na mikono inawasha. Kazi yako ni kasi, mwelekeo, na kupumua.

Ndipo inakuja kuzima injini. Anayesimamia, yaani rubani ambaye wakati huo harushi, anaweka mkono kwenye wenzo wa upande ulioharibika bila kuusogeza, anataja upande, anasubiri. Anayerusha anaangalia kwa macho yake, anathibitisha kwa sauti. Hapo tu ndipo unavutwa. Tarehe 4 Februari 2015 mjini Taipei, ATR 72-600 ya TransAsia ilipaa, na muda mfupi baadaye pangaboi la injini namba 2 likajilaza kwa hitilafu ya mfumo. Kapteni akarudisha nyuma wenzo wa injini namba 1, iliyokuwa nzima, na hatimaye kuizima. Ndege ikaanguka katika mto Keelung. Kati ya watu 58, walifariki 43. Ingeweza kuendelea kuruka kwa injini ile moja, maana hivyo ndivyo ilivyoundwa na hivyo ndivyo wewe utakavyofundishwa kuirusha.

Sasa niseme la kwetu. Kapteni utakayekaa naye anaweza kuwa na umri wa baba yako. Asubuhi unamwambia shikamoo, naye anaitikia marahaba, na ni vizuri iwe hivyo. Ugumu unaanza mnapofunga mikanda, kwa sababu kijana aliyelelewa kutomkatiza mkubwa anatakiwa amwambie mkubwa huyo, kwa sauti, kwamba kasi imepungua, kwamba upande aliotaja si wenyewe, kwamba tupae tena tusitue. Nimeona vijana wenye akili nyingi wakiona kosa, wakiliangalia, wakitazama upande wa kapteni, na kunyamaza. Hawakukosa ujuzi, walimheshimu. Mkufunzi mzuri atakufanyia makusudi: atakaa kiti cha kushoto, atapotoka kidogo kidogo kutoka kwenye njia, na kungoja useme.

Njia inayosaidia ni kutumia maneno ya kampuni yaliyoandikwa, bila kuyapamba wala kuyalainisha. Ukitaja "kasi" unasoma kipimo, humkosoi mtu. Asiporekebisha, taja mara ya pili pamoja na unachotaka kifanyike. Akikaa kimya tena, vitabu vinakupa haki na wajibu wa kuchukua usukani, na utafundishwa namna yake. Mkishatua, "Asante Kapteni, nimejifunza" inarudi mahali pake na hakuna heshima iliyovunjwa. Makapteni wazuri hukwambia kabla ya safari: ukiona kitu, sema. Asiyesema hivyo, muulize wewe wakati wa maelezo: "Kapteni, nikiona tumetoka nje ya vipimo, nitataja mara moja, sawa?" Sijakutana na aliyekataa.

Mwenzako wa simuleta naye ni muhimu kuliko simuleta. Mtapita au kukwama pamoja. Kuleni pamoja, jisomeeni pamoja, na kila baada ya kipindi andikeni mambo matatu ya kurekebisha kesho, si kumi na tano. Kipindi kikienda vibaya, ni kawaida. Karibu kila mtu ana kimoja kibaya katikati ya kozi, pale kichwa kinapojaa. Ukihitaji kipindi cha ziada, sema mapema. Mwalimu anaweza kukiombea kabla ya mtihani kwa urahisi kuliko baada ya kuanguka.

Mtihani wenyewe, mbele ya mtahini, hauna jipya: kuruka, injini moja, kukaribia uwanja kwa vyombo, kupaa tena kwa injini moja, kutua. Ukikosea kidogo, rekebisha na endelea. Mtahini anatafuta rubani anayegundua kosa lake.

Kutua ndege tupu

Kwa asiyekuwa na uzoefu wa ndege kubwa, kuna siku ya kutua ndege halisi isiyo na abiria, kwa kawaida mara sita. Ni siku ya furaha. Angalia macho tu: unakaa juu zaidi kuliko kwenye Caravan, na wengi hunyanyua pua mapema, ndege ikaelea. Tazama mwisho wa njia, nguvu ipunguzwe karibu na ardhi, pua inyanyuliwe kidogo sana.

Safari za abiria pamoja na kapteni mkufunzi

Sasa kuna watu nyuma, na ratiba. Katika safari za kwanza rubani wa tatu atakaa kiti cha nyuma ya kokpiti kwa usalama, hadi utakapoaminiwa. Dar es Salaam kwenda Zanzibar ni kama dakika 20 hewani, na ndani yake mnapanda, mnasikiliza hali ya hewa, mnaandaa kutua, mnasoma chekilisti na kuzungumza na waongoza ndege wa pande zote mbili. Siri ni kuandaa kutua Zanzibar mkiwa bado mmeegeshwa Dar. Kwenye ruti fupi, chochote kinachoweza kufanyika chini kifanyike chini.

Utajifunza pia kutotishwa na haraka ya uwanjani: karatasi ya mizigo inakuja imechelewa, mzigo umebadilika, mwenye lori la mafuta anataka saini. Soma tarakimu zote. Uzito usio sahihi unaharibu kasi zote ulizoweka.

Mwinuko ni somo la kwetu hasa. Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, Mwanza futi 3,760 hivi. Kipimo cha kasi kitasoma sawa na Dar, lakini juu ya lami ya Nairobi ndege inakwenda kwa kasi halisi iliyozidi kwa karibu asilimia 10 siku ya joto. Njia inaisha upesi zaidi na breki zinapata kazi zaidi. Fanya hesabu kila mara hata kama njia inaonekana ndefu.

Na barafu, naam, hapa ikweta. Kwetu hewa hufikia kuganda karibu na futi 16,000, na ATR husafiri juu ya hapo ndani ya mawingu. Tarehe 31 Oktoba 1994 huko Roselawn, Indiana, ATR 72 ya American Eagle ilishindwa kuongozeka baada ya barafu kujijenga kwenye mabawa, wakafa wote 68. Tangu hapo ndege na taratibu zake zimebadilishwa sana. Nje ya dirisha la kapteni kuna kijiti kidogo kilichowekwa kwa ajili ya kuonyesha barafu. Kiko upande wake, kwa hiyo uliza, na usimamie kasi zilizowekwa kwa hali ya barafu bila kusubiri kuulizwa. Kasi ikianza kushuka na nguvu iko pale pale, taja.

Kwenye Ziwa Victoria mawingu ya radi hukomaa zaidi usiku na alfajiri, ndiyo maana safari ya kwanza ya asubuhi ndiyo inayohitaji mafuta ya ziada. Pangeni pa kwenda kabla hamjaondoka, na mkubaliane mtageuka mkiona nini. Neno la kupaa tena linaweza kutamkwa na yeyote kati yenu wawili. Likitamkwa, ndege inapaa, mjadala unafanyika baadaye.

Kuachiwa

Mkufunzi akiridhika, kapteni mwingine atakagua safari yako, na ukipita unaanza kupangwa na makapteni wa kawaida. Kuanzia hapo utarudi simuleta kila baada ya miezi sita kwa kipindi chote cha kazi. Panga tarehe hizo kwenye kalenda pamoja na za afya na Kiingereza, na usome mipaka na hatua za kichwani mwezi mmoja kabla, si usiku wa mwisho. Jaza daftari la saa kila jioni, ukitenganisha saa za kuruka kwa vyombo, za usiku na za kila aina ya ndege, kwa sababu leseni ya juu ya usafiri wa anga inataka saa 1,500 zenye mchanganuo wake, na mamlaka watasoma mstari kwa mstari. Piga picha kila ukurasa unapojaa, na nakala moja itunzwe na mtu wa nyumbani.